Wokmani ya Senje

Juzi nilienda zahanati kudungwa sindano. Muuguzi alichovya pamba kwenye spiriti, akanipaka mkononi, na kabla sindano haijaingia mimi nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa Kayole, kwenye chumba chetu cha ghorofani, nimekaa ukingoni mwa kitanda, namtazama Senje akisafisha kichwa cha wokmani yake, kile kichuma kinachosoma kaseti, kwa pamba ya spiriti aliyoizungushia njiti ya kiberiti. Muuguzi aliniambia nilegeze mkono, nikalegeza. Harufu ile ilinifuata mpaka nyumbani, na kwa kuwa siku hizi waliomjua Senje wamebaki wachache, na hao wachache hawana muda wa kukaa, nimeona niyaandike tu.

Senje ni shangazi, kwetu sisi watu wa magharibi. Huyu wangu alikuwa mdogo wake baba, jina lake Rispa, na aliletwa Nairobi alipoacha shule ili amsaidie mama kazi za nyumbani. Alipochoka kumsaidia mama akajitafutia kibarua katika kiwanda cha mablanketi kule Industrial Area. Tulilala kitanda kimoja nyuma ya pazia. Kila jioni nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi la sufu, na kazi yangu ilikuwa kumchambua hadi chakula kiive, huku yeye akipiga chafya na kuniambia nina vidole vya kuku.

Pale nyumbani Senje hakuwa mtu wa kusikilizwa. Wageni wakija, yeye huwa jikoni. Akianza kusimulia jambo lililotokea kazini, mtu humkatiza kumuuliza chumvi iko wapi. Baba alimpenda, sina shaka, lakini alimpenda kama mtu anavyoipenda meza yake. Senje mwenyewe hakulalamika. Alikuwa na kanisa, na katika kanisa alikuwa na kwaya, na ukiwa katikati ya wimbo hakuna anayekuuliza chumvi.

Wokmani aliipata kwa mwenzake wa kiwandani, wakabadilishana na viatu vyake vizuri vya Jumapili. Mama alimwona mpumbavu na akamwambia. Kilikuwa kikasha cha kuchezea kaseti, cheusi, kilichochubuka pembe, chenye hedifoni za sponji ya rangi ya machungwa ambazo baada ya wiki moja zilikuwa zinanuka mafuta yetu ya nywele. Kilitakiwa kuvaliwa kiunoni mtu akitembea. Lakini vibetri vyake vidogo vilikwisha upesi mno, kwa hiyo Senje aliviondoa, akaunganisha nyaya kwenye betri kubwa za tochi, akazifunga pamoja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Hapo ikadumu kwa wiki nyingi, ila haikuweza tena kwenda popote. Chombo cha kutembea nacho kikawa chombo cha kitandani. Tukitaka kusikiliza wote wawili tulizipindua hedifoni, kila mtu sikio moja, vichwa vimegusana, na mmoja akikohoa mwenzake aliumia.

Sasa, kwaya. Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa na mtindo wake wa kazi. Waimbaji wengi hawakujua kusoma noti, naye hakuwa na subira ya kumwimbia mmoja mmoja. Basi alijifungia nyumbani kwake na redio kubwa ya kaseti mbili, akaimba wimbo mzima kwa sauti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu na ya nne, na mwisho sehemu ya kiongozi, kila moja katika kaseti yake. Ukikosa mazoezi unapewa kaseti yako, uende ukaishi nayo. Senje alikosa mazoezi ya Jumamosi nyingi kwa sababu ya ovataimu, kwa hiyo kaseti za sauti ya pili zilijaa chini ya mto wetu. Nami nilizijua zote. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na sauti ya pili ya kwaya ile niliijua kuliko sala ya Bwana.

Kuna jambo moja katika kaseti zile ambalo nililielewa kwa namna yangu. Mwalimu tuliyemjua alikuwa mtu mwembamba, mwenye haraka, anayesema kama anayefukuzwa. Mwalimu wa ndani ya kaseti alikuwa mtu mwingine. Alisema, "Rispa, sikiliza vizuri," kwa sauti nzito, ya taratibu, kama askofu anayebariki shamba. Niliamini kwamba mtu akirekodiwa hubadilika. Niliwaza kwamba mbele ya kaseti watu hushusha sauti kwa heshima, kama wanavyofanya mbele ya jeneza, na nikajiapiza kwamba siku nitakayorekodiwa mimi nitafanya vivyo hivyo. Senje alikuwa na maelezo yake, ya mtu mzima zaidi. Alisema Mwalimu anaenda polepole ili wanafunzi washike. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba tatizo ni chombo, kwa sababu hatukuwa na chombo kingine cha kulinganisha. Redio ya baba ilikuwa redio tu, haikuwa na mahali pa kaseti.

Kisha kiongozi wa kwaya akaolewa, akamfuata mumewe Eldoret, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Kwaya ilikuwa imechangishana na kujiandaa kurekodi kaseti yake ya kwanza. Wimbo wenyewe, ule ambao ungebeba kaseti nzima, ulikuwa wa wana wa Israeli jangwani, na ulihitaji mtu wa kuuanzisha peke yake na kuupandisha hadi pale wanapoyaona maji. Mwalimu aliwahi kumsikia Senje akiongoza tenzi katika matanga ya jirani, amekaa kwenye benchi la nyuma, kwa sauti yake ya chini. Akaja kumwita baada ya ibada, akampa kaseti.

"Hii ni ya kiongozi," akamwambia. "Isikilize mpaka ikuchoke."

Senje alirudi nyumbani akiishika kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona mtu amefurahi kimyakimya namna ile. Siku hiyo hiyo alimtafuta mtu anayesafiri, akampa salamu za kupeleka nyumbani kwa Kukhu, yaani mama yake, nyanya yangu: kwamba Rispa ameteuliwa, kwamba Rispa ataongoza wimbo, kwamba Krismasi tukienda ataleta kaseti, na Kukhu atamsikia mwanawe akiimba mbele na watu wakimfuata nyuma. Ujumbe wa namna hiyo ukifika kijijini haukai kwa mtu mmoja. Baada ya muda mfupi tulipata majibu kwamba kijiji kizima kinasubiri.

Tukaanza kazi. Jioni Senje aliimba sehemu ya kiongozi na mimi nilimfuata kwa sauti ya pili, nyuma ya pazia, tumefunikwa blanketi la kiwandani ili baba asikie taarifa yake ya habari redioni. Aliimba vizuri. Wimbo ulimkaa mwilini. Pale kwenye maji alifumba macho na kupanda bila kujikaza, akafika, akatulia pale juu kama mtu aliyeketi. Mama alikuwa akiacha kukoroga chungu. Nilimwona kwa chini ya pazia, miguu yake imesimama.

Wiki mbili kabla ya kurekodi, wokmani ikaanza kula kaseti. Senje aliivuta kaseti taratibu, akaukunjua utepe uliojikunja, akaurudisha kwa kuzungusha kalamu, akasafisha kichwa cha wokmani kwa spiriti. Ikala tena. Basi Jumapili baada ya ibada tukaipeleka kwa Fundi Oduor, aliyekuwa na kibanda karibu na steji ya Spine Road, kimejaa redio zisizo na migongo. Fundi Oduor alikuwa mtu wa kujisifu. Alijiita daktari. Lakini mtaani ilijulikana kwamba redio ya Mama Njoki iliingia pale ikiwa imepoteza stesheni moja, ikatoka imebaki na stesheni moja.

Aliifungua wokmani, akaiinua juani, akacheka.

"Siste, hii belti imechoka. Imekuwa kama lastiki ya chupi ya zamani, inajishikilia kwa neema ya Mungu."

Akatuonyesha kimpira cheusi, chembamba, kinachozungusha magurudumu ya ndani. Akakitoa, akaweka kipya, akasafisha, akafunga. Alivaa hedifoni yeye kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akampa Senje.

Uso wa Senje ulianza kubadilika kabla hajasema kitu.

"Huyu ni nani?"

"Ni nani aje? Si ni kaseti yako?"

"Huyu si Mwalimu. Umeniharibia."

"Siste, sijaharibu kitu. Hiyo ndiyo spidi yake. Ile ulikuwa unasikiza ilikuwa ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Mimi nimeimba na huyu mtu wiki ngapi! Wewe umemsikia leo."

"Mimi nasikia mashini."

"Na redio ya Mama Njoki, ulisikia mashini pia?"

Watu waliokuwa wakinywa chai kwenye kibanda cha jirani wakaangua kicheko. Senje akanivisha hedifoni mimi. "Wewe unamjua Mwalimu wa kwenye kaseti. Huyu ni yeye?" Nikasikiliza. Mtu aliyekuwa mle ndani alikuwa na kijisauti chembamba, cha haraka, kama amebanwa na mlango. Askofu alikuwa ametoweka. Nikatikisa kichwa kukataa, na nilitikisa kwa uhakika wote wa mtoto aliyeombwa ushahidi na mtu mzima.

"Sasa mtoto ndiye ataamua?" akauliza fundi.

"Mtoto ana masikio," akasema Senje. "Nirudishie mpira wangu."

Fundi alibishana kidogo, kisha akachoka. Akakiokota kile kimpira cha zamani kwenye takataka za mezani, akamwomba mama wa chai maji yaliyochemka, akakitumbukiza kikombeni. Alisema kikichemshwa kidogo kitajikaza, hakitakula kaseti tena, lakini ugonjwa utabaki palepale. Akakifuta, akakirudisha. Senje akavaa hedifoni na mabega yake yakashuka. Askofu alikuwa amerudi.

"Msije mkasema Oduor hakuwaambia," fundi akasema, sisi tukiondoka.

Mgala muue na haki mpe. Fundi Oduor alisema kweli, na siku ile huenda ndiyo siku pekee aliyosema kweli pale kibandani. Mpira ukilegea, kaseti huzunguka polepole. Ikizunguka polepole, sauti hushuka na wimbo hurefuka. Senje alikuwa amejifunza wimbo mzima chini ya mahali pake halisi, na kwa bahati mbaya mahali pale pa chini ndipo sauti yake ilipozaliwa. Alikuwa anaishi ndani ya kosa lililomfaa. Wala hakukuwa na wa kumshtua, maana Jumapili kwaya ilipitia nyimbo nyingine, na Jumapili ile moja walipoufikia wa jangwani yeye alikuwa amekauka koo kwa vumbi la sufu, Mwalimu akamwambia atunze sauti, asiimbe.

Siku ya kurekodi nilikwenda naye. Ilikuwa mjini, ghorofani, mahali ambapo kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai na mapazia mazito. Kwaya ilivaa sare kamili ingawa kaseti haionyeshi nguo. Watoto hawakuruhusiwa ndani, kwa hiyo nilikaa upande wa pili wa kioo na mtu wa mitambo, aliyekuwa akila ndizi na kunionya nisiguse kitu.

Mwalimu alipiga uma wake wa chuma wa kupimia sauti kwenye goti, akauweka sikioni, akatoa sauti. Senje aliipokea. Nilimwona akishtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo hakutarajia kuwa pale, lakini akaanza. Alikwenda vizuri jangwani kote. Alipoanza kuelekea kwenye maji nikaona mishipa ya shingo. Sauti ikapanda, ikajikwaa, ikakatika. Mtu wa mitambo akaacha ndizi.

Wakarudia. Ikakatika palepale. Mwalimu hakukasirika, alikuwa mtu mwema, na hili nalisema kwa sababu ingekuwa rahisi kumlaumu. Akashusha wimbo kidogo, na wazee wa sauti ya nne wakaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima wa Kericho. Akashusha tena, wazee wakapotea kabisa, na bado pale kwenye maji Senje hakufika. Alikuwa ameshatetemeka, na sauti ikishatetemeka haina mahali pa chini wala pa juu. Waimbaji walianza kutazama viatu vyao. Chumba kile kilikodiwa kwa saa.

"Rispa," Mwalimu akasema, "pumzika kidogo, dada. Flora ajaribu."

Flora alikuwa wa sauti ya kwanza, binti wa mzee wa kanisa. Alijaribu mara moja, akayafikia maji kama mtu anayefungua bomba. Senje alirudi nyuma, akasimama katika safu ya sauti ya pili, mahali pake pa siku zote, na akaimba. Aliimba wimbo wote mpaka mwisho, sawasawa, mdomo wazi, na mimi nyuma ya kioo sikuweza kumsikia kati ya wengine ingawa nilijaribu sana.

Tulirudi nyumbani. Mama alikuwa ametengeneza chai na kutandika kitambaa mezani.

"Haya, mulamwa, imekuwaje?" Ndivyo alivyomwita siku zote, wifi yake.

"Imekuwa nzuri. Wameimba vizuri."

Mama aliyasikia yale maneno, akakaa. "Wameimba?"

"Flora ameongoza."

"Na Kukhu ameshaambiwa," mama akasema. Halafu akaona amesema vibaya, akammiminia chai, akaweka sukari nyingi kupita kiasi. Baba aliuliza chumvi, kwa mara ya kwanza kwa upole.

Nilimwonea Senje huruma. Hakulia. Alichana nywele zake mwenyewe siku ile, akaniambia vidole vyangu vipumzike.

Kaseti ilitoka kabla ya Krismasi, na picha ya kwaya nzima kwenye karatasi yake, vichwa vidogo kama njegere. Senje aliiweka kwenye wokmani, tukapindua hedifoni, tukagusanisha vichwa. Wimbo wa jangwani ukaanza. Nikaruka karibu nikate waya.

"Senje, ni wewe!"

Ilikuwa sauti yake. Nzito, taratibu, imekaa vilevile ilivyokuwa ikikaa chini ya blanketi letu, ikapanda hadi kwenye maji bila kujikaza, ikatulia. Sikuwa na shaka hata kidogo. Niliamua kwamba Mungu, au mtu wa mitambo mla ndizi, alikuwa ametengeneza mambo kwa siri. Senje alirudisha mwanzo, akasikiliza tena akiwa amefumba macho. Akachomoa hedifoni.

"Kumbe," akasema. Ni hilo tu. Niliona ni unyenyekevu. Sasa najua kwamba pale ndipo alipomwelewa Fundi Oduor. Flora alipopita katika mpira ule uliolegea alishuka mpaka alipokuwa Senje.

Krismasi tukaenda nyumbani, na wokmani ikaenda, na betri zake zimefungwa kwenye leso. Kwa Kukhu hakukuwa na cha kuchezea kaseti. Tulipofika, kabla hata ya kuku kukimbizwa, Kukhu alidai wimbo wake. Senje akasitasita. Mimi ndiye niliyechomeka nyaya. Tukamvisha Kukhu hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, akakaa kwenye kigoda na mikono magotini, na wimbo ulipoanza akapiga kelele ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe:

"NI RISPA! NI MTOTO WANGU HUYU!"

Mbuzi walishtuka. Majirani wakaja. Kila mmoja alivaa hedifoni kwa zamu, na kila mmoja akapiga kelele ileile, na kesho yake watu waliopita njiani walikuwa wakimwita Senje mwimbaji. Walimwuliza mambo. Walisubiri amalize kujibu. Baba alisimama karibu naye akiwa amefunga mikono kifuani, kama aliyemzaa yeye. Senje hakusema ndiyo wala hapana. Alitabasamu, akaendelea kumenya ndizi, na ninakumbuka niliwaza kwamba hivi ndivyo alivyostahili kuwa siku zote.

Sikukuu yenyewe, baada ya chakula, akaja baba mdogo, ndugu wa baba anayefanya kazi Webuye, amebeba redio kubwa ya kaseti begani.

"Lete hiyo kaseti," akasema. "Mnaisikiliza mmoja mmoja kama dawa! Tuisikie wote."

Watu wakaitikia. Mimi nikafurahi kuliko wote. Senje alikuwa ameishika wokmani mapajani, kidole juu ya kitufe cha kufungulia, na hakubonyeza. Angeweza kusema utepe umeharibika. Angeweza kusema betri. Alimtazama Kukhu, aliyekuwa amesogeza kigoda tayari na kuinamisha sikio. Kisha akaitoa kaseti na kumpa kaka yake.

Sauti ya Flora ikatoka kwenye spika, nyembamba, ya haraka, safi kama sahani iliyooshwa. Iliwazunguka watu wote pale uani. Wa kwanza kucheka ni baba mdogo, akasema labda redio yake imeharibika, na wengine wakaanza kumwambia aipige piga mgongoni. Nilimtazama Senje nikisubiri aseme vilevile, amgombeze kama alivyomgombeza fundi.

"Redio ni nzima," Senje akasema. "Hiyo ndiyo sauti yake. Huyo ni Flora, binti wa kanisani kwetu. Kile kidude changu ndicho kigonjwa." Akamgeukia Kukhu. "Mimi ilinishinda, mama. Niliondolewa mbele."

Flora aliendelea kuimba. Baba mdogo akanyoosha mkono azime.

"Acha," Kukhu akasema. Alikuwa anazungumza na Senje peke yake. "Ulipoondolewa, ulikwenda nyumbani?"

"Hapana. Niliimba nyuma. Niko na wale wa sauti ya pili."

"Uko humo?"

"Niko humo."

"Basi rudisha mwanzo," Kukhu akamwambia baba mdogo, "nimtafute."

Akaburuta kigoda mpaka kwenye redio, akaegemeza sikio kwenye spika, akafumba macho. Wimbo ukaanza upya. Pale Flora alipokuwa akiongoza, Kukhu alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Kwaya ilipoingia, akatulia. Mwisho akatikisa kichwa. "Rudisha." Baba mdogo akarudisha. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakarudi kwenye mazungumzo yao, watoto wakaenda kucheza. "Rudisha tena, usichoke, wewe ndiye uliyeleta redio." Senje alikuwa amesimama nyuma yake, mikono juu ya mabega ya Kukhu, haondoki.

Hatimaye kidole cha Kukhu kikainuka.

"Huyu hapa," akasema. "Nimempata."

Mimi niliujua wimbo ule kuliko yeyote pale uani. Mahali alipoinua kidole, sauti ya pili ilikuwa imenyamaza. Palikuwa na wazee wa sauti ya nne peke yao, wananguruma. Nikafungua mdomo niseme. Senje alinishika bega, kwa nguvu, bila kunitazama.

"Ndiyo, mama," akasema. "Huyo ni mimi."